Klachi ya trekta: Siku ya kufunga ndiyo siku ya faida au hasara

MVUA za kwanza zinapoanguka Kongwa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara, mwenye trekta moja huwa mtu wa kutafutwa. Wateja humfuata nyumbani kabla ya jua kuchomoza, wengine wakiwa na fedha mkononi, ili mashamba yao yawekwe mbele kwenye foleni. Ukanda huo hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Atakayechelewa kulima atachelewa kupanda, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hukutana na jua kali kabla hayajabeba.

Katika siku hizo ndipo klachi ya trekta hupenda kumwaibisha mwenyewe. Dereva akitia jembe ardhini, injini inanguruma lakini trekta haisogei kwa nguvu yake. Harufu ya kuungua inasikika. Fundi anaitwa, trekta inapasuliwa katikati, pleti mpya ya klachi inafungwa, na baada ya siku tatu au nne kazi inaendelea. Wiki mbili baadaye harufu ile ile inarudi.

Mara nyingi lawama huangukia duka la spea kwamba limeuza pleti feki. Ni kweli kwamba spea bandia zipo sokoni na ni tatizo kubwa. Hata hivyo, pleti nyingi nzuri huuawa na mambo madogo siku ile ile ya kufungwa: mkono wenye grisi, sili ya zamani iliyoachwa, au grisi iliyopakwa kwa wingi kwa nia njema. Mambo hayo gharama yake ni ndogo kuliko ya pipa moja la dizeli, lakini ndiyo yanayoamua kama kazi itafanyika mara moja au mara mbili.

Makala haya yanaeleza kinachopaswa kufanyika kati ya kupasua trekta na kuifunga tena, ili mwenye mali aweze kusimama kando ya fundi akijua anachokitazama. Mengi yanahusu pia pikapu na magari ya mizigo yanayobeba nafaka kwenda masoko kama Kibaigwa.

Hesabu kwanza

Mfanyabiashara hupima jambo kwa fedha. Chukua mfano wa trekta inayolima ekari 8 kwa siku kwa malipo ya Sh60,000 kwa ekari. Mapato ya siku ni Sh480,000. Ikiwa nusu yake inakwenda kwenye dizeli, dereva, chakula na akiba ya matengenezo, mwenye trekta anabaki na Sh240,000.

Klachi ikirudia kuharibika na trekta ikalala siku 4, amepoteza Sh960,000 kabla hajamlipa mtu yeyote. Ongeza ufundi wa kupasua na kufunga mara ya pili, tuseme Sh300,000, na pleti nyingine ya Sh350,000. Jumla ni Sh1,610,000.

Upande wa pili weka vitu vidogo vilivyoachwa mara ya kwanza: oili sili mbili, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, dawa ya kusafishia breki, grisi ya joto kali, vitambaa safi na malipo ya kukereza flaiwili. Tuseme vyote ni Sh200,000. Aliyebana Sh200,000 amelipa mara nane yake. Bei hizi ni za mfano tu na kila mmoja anaweza kuweka za kwake, lakini uwiano hautabadilika sana, kwa sababu gharama kubwa ya klachi haiko kwenye spea. Iko kwenye kazi ya kupasua na kwenye siku ambazo chombo kimelala.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: trekta ikishapasuliwa, kila kinachofikika kikaguliwe, na kila cha bei ndogo kilichochakaa kibadilishwe humo humo.

Klachi inavyofanya kazi

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Presha pleti imefungwa kwa boliti juu ya flaiwili hiyo na ina springi kali. Kati ya hizo mbili kuna pleti ya klachi, yenye nyuso mbili za kushika na kitovu chenye meno ya ndani yanayoingia kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Springi zinapoibana pleti, nguvu ya injini inakwenda kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha pleti, mbano unalegea, na pleti inabaki huru.

Hivyo klachi ina sehemu za aina mbili zilizokaa karibu sana. Nyuso za kushika zinatakiwa ziwe kavu kabisa, kwa sababu kazi yake ni kukwama. Meno ya shafti, uma na bomba la kuongozea beringi vinatakiwa vilainishwe kidogo, kwa sababu kazi yake ni kuteleza. Ufundi wote wa siku ya kufunga ni kuzuia kilaini kisiguse kikavu.

Vumbi na usafi

Trekta ikishapasuliwa, ndani ya hausingi ya klachi hukutwa vumbi jeusi la pleti ya zamani. Kosa la kawaida ni kulipuliza kwa pampu ya upepo. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Uingereza, ambako trekta nyingi za Massey Ferguson zilitengenezwa katika kiwanda cha Coventry, ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999. Kwa trekta kuukuu hakuna anayeweza kuapa ni pleti gani ilifungwa ndani yake. Vumbi lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Watoto wasikae karibu.

Baada ya vumbi inakuja flaiwili. Uso wake utazamwe kwenye mwanga mzuri. Madoa ya rangi ya bluu yanaonyesha kwamba chuma kilipata moto mkali. Nyufa ndogo ndogo, mifereji au mabonde maana yake pleti mpya haitalala vizuri. Kama ni mng'ao tu, msasa unatosha. Kama kuna mifereji, ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma isawazishwe. Flaiwili yenye nyufa zinazoingia ndani haikerezwi, inabadilishwa, kwa kuwa chuma kizito kinachozunguka kwa kasi kikipasuka kinaweza kuua.

Presha pleti mpya nayo ina mtego wake. Hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Fundi mwenye haraka huitoa kwenye boksi na kuifunga hapo hapo, na mafuta yale huingia kwenye nyuso za pleti mara klachi inapopata joto. Uso wa presha pleti na wa flaiwili yafaa usafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, ambayo hukauka bila kuacha kitu. Dizeli na mafuta ya taa havifai kwa kazi hii, kwani huacha utando wa mafuta. Petroli nayo ni hatari ya moto.

Pleti yenyewe ishikwe pembeni kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa. Alama moja ya kidole chenye grisi inatosha kuifanya klachi itetemeke wakati wa kuondoka. Wakati fundi anaandaa sehemu nyingine, pleti ibaki ndani ya boksi lake.

Sili: adui aliyejificha

Klachi ya trekta imekaa kati ya mafuta ya aina mbili. Mbele yake kuna oili ya injini, inayozuiwa na sili ya nyuma ya krenki. Nyuma yake kuna oili ya giaboksi, inayozuiwa na sili ya shafti. Sili hizi ni mipira midogo ya bei nafuu kuliko pleti, lakini moja ikivuja, pleti mpya huloa na kazi yote inakuwa bure. Pleti iliyoloa oili haikaushwi kwa jua wala kwa moto, kwani oili huzama ndani ya nyuso zake na kurudi juu kila klachi inapopata joto.

Kwa hiyo sili zote mbili zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima. Mdomo wa sili mpya upakwe oili kidogo kabla ya kuingizwa, kwa sababu sili inayoanza kuzunguka ikiwa kavu huungua mdomo katika dakika za mwanzo. Aidha, ncha ya shafti yenye meno ivikwe nailoni laini wakati sili inapitishwa juu yake. Meno yale ni makali na hukata mpira bila fundi kujua, na uvujaji huonekana trekta ikiwa tayari imefungwa.

Kuna sababu nyingine ya uvujaji ambayo wengi huisahau. Giaboksi nyingi zina tundu dogo la kupumulia juu yake. Likizibwa na tope lililokauka, hewa ya ndani hupanuka kwa joto, hukosa pa kutokea na kuisukuma oili kupita kwenye sili. Mtu anabadilisha sili mara tatu kumbe dawa ilikuwa kusafisha tundu moja kwa waya.

Grisi kiasi gani, na wapi

Hapa ndipo nia njema huharibu mali. Fundi mmoja hafungi kitu bila grisi tele, mwingine hapaki kabisa kwa kuogopa kuloanisha pleti. Wote wawili wanakosea.

Meno ya shafti ya giaboksi yasafishwe kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, yafutwe, kisha yapakwe utando mwembamba sana wa grisi inayostahimili joto, hasa ile nyeusi yenye molibdenamu. Baada ya hapo pleti iingizwe kwenye shafti na kusogezwa mbele na nyuma mara kadhaa, itolewe, na grisi yote iliyosukumwa pembeni ifutwe kwa kitambaa safi. Kinachobaki kwenye meno kinatosha.

Sababu yake ni rahisi. Grisi ikizidi, shafti inapozunguka huirusha nje, na pa kwanza inapofikia ni nyuso za pleti. Ikikosekana kabisa, kutu hushika meno, pleti haitelezi, na dereva akikanyaga pedali pleti inaendelea kuzunguka. Gia zinaanza kulia wakati wa kuingizwa, na baada ya muda si klachi tu inayodai fedha bali meno ya gia pia.

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya pleti mpya zina kitovu kilichopakwa nikeli, chenye mng'ao wa fedha, na baadhi ya watengenezaji huagiza kisipakwe grisi yoyote. Karatasi iliyomo ndani ya boksi isitupwe kabla haijasomwa.

Sehemu nyingine zinazohitaji grisi kidogo ni bomba ambalo rilizi beringi huteleza juu yake, ncha za uma wa klachi zinapogusa beringi, mahali uma unapoegemea, na bushi za ekseli ya uma. Kila mahali kiasi cha punje ya harage au pungufu kinatosha.

Rilizi beringi yenyewe haioshwi. Imejazwa grisi kiwandani na kufungwa. Ikitumbukizwa kwenye petroli au dizeli ili ing'ae, grisi ya ndani huyeyuka na beringi huanza kulia baada ya siku chache. Ifutwe kwa nje tu. Ikizungushwa kwa mkono na kusikika kama ina mchanga ndani, ibadilishwe. Kwa kuwa kuifikia ni lazima kupasua trekta, mwenye busara huibadilisha kila anapobadilisha pleti.

Katikati ya flaiwili kuna beringi ndogo au bushi inayoshika ncha ya shafti. Kama ni beringi iliyofungwa pande zote, haihitaji kitu. Kama ni bushi ya shaba ya aina inayonyonya mafuta, hulowekwa kwenye oili safi kabla ya kufungwa na kufutwa kwa nje, haijazwi grisi. Beringi hii ikikwama, shafti huzungushwa na injini hata pedali ikiwa chini, na wengi hudhani klachi mpya haifai.

Kufunga bila nguvu

Pleti ina upande wa mbele na wa nyuma. Nyingi zimeandikwa upande unaoelekea flaiwili. Ikigeuzwa, kitovu chake huweza kugonga boliti za flaiwili na klachi haitaachia kamwe. Kosa hili hugunduliwa trekta ikiwa imeshafungwa, na dawa yake ni kupasua upya.

Kisha pleti lazima ikae katikati kabisa kabla presha pleti haijakazwa. Kipo kifaa maalumu cha kazi hiyo. Asiyekuwa nacho hutumia shafti kuukuu ya aina ile ile, au kipande cha mti mgumu kilichokerezwa kwa vipimo hivyo hivyo. Kukadiria kwa macho ni kubahatisha. Boliti zikazwe kwa kuvuka, yaani moja na ile inayoitazama, kidogo kidogo kwa mzunguko, ili presha pleti ishuke sawasawa bila kupinda. Mwisho zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha trekta. Nyuzi za boliti ziwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kikiagiza vingine, kwa kuwa boliti yenye oili hukazika kupita kiasi bila mkono kusikia.

Baadhi ya trekta, zikiwemo Massey Ferguson nyingi za zamani, zina klachi mbili ndani ya moja. Pedali ikikanyagwa nusu husimamisha mwendo, ikikanyagwa hadi chini husimamisha pia shafti ya PTO inayoendesha zana za nyuma. Kwa trekta hizo pleti ni mbili na zote lazima ziwekwe katikati, na urefu wa vidole upimwe na kurekebishwa kabla ya kufunga. Fundi ambaye hajawahi kuifunga aina hiyo asijifunzie kwenye trekta ya mtu mwezi wa Desemba.

Wakati wa kuunganisha injini na giaboksi, pande mbili zinatakiwa zikutane kwa kusukumwa kwa mikono, huku jeki na magogo vikibeba uzito. Giaboksi isiachwe ining'inie kwenye kitovu cha pleti hata kwa dakika moja, kwani pleti hupinda. Kama imebaki nafasi ya kidole na haiendi, kuna meno ambayo hayajalingana. Dawa ni kuzungusha flaiwili au shafti ya PTO polepole huku pande zikisukumwa. Kuvuta kwa boliti ndefu hadi pande zikutane ni njia ya mkato inayovunja masikio ya hausingi au kupasua kitovu cha pleti mpya. Haraka haraka haina baraka.

Giaboksi nayo isifungwe kavu

Mara nyingi giaboksi hufunguliwa wakati huo huo kwa ajili ya beringi au gia iliyokatika meno. Sheria yake ni tofauti na ya klachi, kwa sababu humu kila kitu kinatakiwa kiloe. Kila beringi, gia, bushi na washa ipakwe oili ile ile itakayotumika, kabla ya kuingia mahali pake. Giaboksi iliyofungwa kavu huzunguka chuma kwa chuma hadi oili ipande, na dakika hizo huacha makovu yasiyofutika. Kabla ya kufunika, shafti zizungushwe kwa mkono katika kila gia. Ikikaza mahali, tatizo litafutwe wakati huo.

Sumaku iliyo kwenye nati ya kumwagia oili isomwe kama daktari anavyosoma kipimo. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni gia au beringi inayovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, jambo linaloweza kuipata trekta inayolima majaruba ya mpunga kama ya Kilombero na Usangu. Oili hiyo haifai kurudishwa hata kama ilibadilishwa mwezi uliopita.

Aina ya oili nayo si suala la bei tu. Kwenye pikapu na malori mengi ya zamani, giaboksi ina vikombe vya shaba vinavyosaidia gia kuingia kwa ulaini. Oili za giaboksi hupewa alama kama GL-4 na GL-5. Oili ya GL-5, inayotumika sana kwenye difu, ina kemikali nyingi zaidi za kuhimili mgandamizo, na baadhi yake huweza kuila shaba taratibu. Gari lililoagizwa litumie GL-4 lisiwekewe GL-5 kwa kuwa tu duka limeishiwa.

Kwa trekta, nyingi hutumia oili moja kwa giaboksi, haidroliki na, kwa baadhi, breki zilizozama kwenye oili. Hizo zinahitaji oili maalumu ya trekta. Ukiweka oili nzito ya gari, mikono ya kunyanyulia jembe inaweza kuwa mizito na breki zikapiga kelele. Chombo cha kumiminia kiwe safi, kwa maana mchanga kidogo kwenye faneli ni msasa ndani ya giaboksi. Trekta ikishajazwa, iwashwe kwa dakika chache kwenye uwanja tambarare, izimwe, na kipimo kisomwe tena.

Siku za mwanzo na mguu wa dereva

Kazi haijaisha injini inapowaka. Pedali ipimwe kwa rula: lazima iwe na mchezo kidogo kabla ya kuanza kusukuma beringi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Pasipo mchezo, beringi hubanwa muda wote na pleti haishiki kikamilifu. Mchezo ukizidi, klachi haiachii. Pleti inavyolika ndivyo mchezo unavyopungua, hivyo katika trekta za aina hiyo upimwe mara kwa mara wakati wa msimu. Pikapu nyingi zenye klachi ya haidroliki hujirekebisha zenyewe.

Siku mbili tatu za kwanza trekta ipewe kazi nyepesi, kama kuvuta haro au tela lisilojaa, ili nyuso mpya zizoeane. Kumjaribu fundi kwa kung'ang'aniza trekta ipande mlima ikiwa na mzigo ni kuichoma pleti siku ya kwanza.

Dereva naye ana sehemu yake. Mguu unaopumzika juu ya pedali, kushikilia trekta mlimani kwa klachi nusu badala ya breki, na kung'ang'ania kutoka kwenye tope kwa klachi nusu ni mambo yanayoweza kumaliza kwa siku moja pleti ambayo ingedumu misimu kadhaa. Trekta iliyozama kwenye tope ivutwe na nyingine.

Makubaliano na fundi

Fundi wengi wanajua haya yote. Wanachokosa ni muda, kwa kuwa mwenye mali amesimama mlangoni akiuliza "bado tu?", na fedha, kwa kuwa orodha ya vitu vidogo hukatwa kwanza. Ni vyema makubaliano yawekwe kwa maandishi kabla ya kupasua: vitu vitakavyobadilishwa, nani atanunua, siku za kazi, na muda ambao fundi atarekebisha bure kosa lake. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya trekta kufanya kazi shambani. Spea zilizotolewa akabidhiwe mwenyewe, na risiti zitunzwe.

Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vinaweza kununua kwa pamoja spana ya kupimia nguvu na kifaa cha kuweka pleti katikati, vitu ambavyo mtu mmoja huviona ghali kwa kuvitumia mara moja kwa miaka kadhaa. Kijana wa kikundi aliyesomea ufundi kwenye chuo cha VETA anaweza kuvitunza.

La muhimu zaidi ni wakati. Klachi yenye dalili za kuteleza, kulia au kutetemeka ifunguliwe kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa yameuzwa na jembe likiwa limelala, wakati fundi ana nafasi na mwenye trekta hana sababu ya kumharakisha. Anayesubiri mvua ya kwanza atafunga klachi huku wateja wakihesabu siku, na vitu vidogo ndivyo vitakavyorukwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika biashara ya trekta ukuta huo hujengwa mwezi wa Desemba, jirani akilima mashamba ya wateja wako.